Manowari Iliyoshindwa na Milima

*Vita vya majini vya Ziwa Tanganyika husimuliwa kama habari ya mashua mbili na nahodha mmoja. Njia za Kasulu na Kibondo zina habari nyingine.*

Barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo hupita vilima juu ya vilima, migomba na maharage mkono wa kuume na mkono wa kushoto, udongo mwekundu usioacha kiatu wala pindo la nguo, hata msafiri ashukapo bondeni hulikuta daraja la Mto Malagarasi, na juu ya daraja vijana wakisukuma baiskeli zilizotwikwa mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, kimya kimya, vifua vimeinama juu ya usukani, kwa kuwa mlima unaofuata hauna huruma kwa mwenye shehena.

Nilisimama hapo asubuhi moja ya kipupwe, nikiwa nimetumwa na mhariri kuandika juu ya manowari na kazi yake katika vita vikuu vya dunia. Na wako walioniuliza ni habari gani ya bahari ninayoitafuta huku Buha, nchi ya Waha, mahali ambapo bahari ya chumvi iko mbali zaidi ya kilomita 900.

Jawabu lilikuwa likipita chini ya miguu yangu. Maji ya Malagarasi huondoka hapa kana kwamba yanalikimbia ziwa, yakaelekea mashariki, yakapotea katika vinamasi vya Moyowosi, kisha yakageuka maghribi, yakapokea Uvinza maji ya Ruchugi yashukayo kutoka milima ya Kasulu, hata yakamwagika katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji. Mbele ya mlango wa mto huo, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli ya Graf von Götzen, kubwa kuliko zote zilizokuwa ziwani, wala haikuwa imepigwa na manowari yoyote.

Kilichoizamisha kilitoka huku juu.

Meli ndani ya makasha

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer Werft, ikaunganishwa, ikakaguliwa, kisha ikafumuliwa tena kipande kwa kipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, yaliyosafirishwa kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914, nayo ina urefu wa kilomita 1,250 hivi. Makasha yakafuata njia hiyo, na palipohitaji mabega ya watu, mabega yakatumika. Mafundi watatu wa karakana, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakaja pamoja na shehena yao ili waiunge upya ufukoni Kigoma wakisaidiwa na wafanyakazi wa Kiafrika. Walikuwa kazini vita vilipozuka Agosti 1914.

Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, na kufikia Juni ilikuwa ikisafiri. Iliweza kuchukua askari 800 au 900 kwa safari moja. Mwenye kuitazama ramani ya Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, pwani yake ya mashariki ikiwa ya Wajerumani na ya maghribi ya Wabelgiji, hatahitaji kuelezwa na mwanajeshi maana ya chombo kiwezacho kuondoka Kigoma jioni kikiwa na kikosi kizima, na kukishusha alfajiri mahali ambapo adui hakutarajia.

Hata kabla ya hapo ziwa lilikuwa mikononi mwao. Mwezi huo huo wa Agosti 1914 kijimeli chao kiitwacho Hedwig von Wissmann kiliishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, kikaiharibu. Kijimeli kingine, Kingani, kililetwa kwa reli kutoka Dar es Salaam. Na mabaharia? Gustav Zimmer, aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini la Kijerumani ziwani, alikuwa nahodha wa Möwe, meli ya serikali iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe katika bandari ya Dar es Salaam mwanzoni mwa vita. Akapanda garimoshi pamoja na watu wake, wakaja kuwa wanamaji wa maji baridi.

Kufunga mlango

Hapa yafaa nieleze jambo moja ambalo wapenzi wa habari za mizinga aghalabu hulipita. Katika vita vya dunia manowari hupigana siku chache mno. Siku zilizobaki hufunga njia. Tarehe 31 Mei 1916 manowari zipatazo 250 za Uingereza na Ujerumani zilikutana katika Bahari ya Kaskazini, katika mapigano yaitwayo ya Jutland, wakafa mabaharia zaidi ya 8,500 katika muda wa usiku mmoja na sehemu za siku mbili, na kulipokucha hali ilikuwa ile ile ya jana: Waingereza wamesimama mlangoni, Wajerumani wamo ndani, na nafaka, mpira na mbolea haviingii Ujerumani. Njaa iliyotokana na mlango ule kufungwa iliwadhuru Wajerumani kuliko mzinga wowote uliolia siku ile.

Pwani yetu ilifungwa vivyo hivyo. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji, isiweze kutoka tena. Tarehe 11 Julai 1915 ikamalizwa humo humo, na mizinga yake 10 ikaopolewa na kupelekwa bara. Mmoja ulipanda garimoshi hadi Kigoma, ukafungwa juu ya Götzen. Tangu vita vianze hata mwisho wake, meli mbili tu za shehena zilifaulu kupenya kuwaletea Wajerumani silaha na dawa: moja katika ghuba ya Manza karibu na Tanga, Aprili 1915, na nyingine Sudi karibu na Lindi, Machi 1916.

> Katika vita vya dunia manowari hupigana siku chache mno. Siku zilizobaki hufunga njia.

Maadamu bahari imefungwa, ziwa likawa bahari ya pili, na reli ndiyo kamba iliyoliunganisha na nchi. Atakayeikata kamba hiyo hatakuwa na haja ya kuipiga meli.

Mimi na Toutou

Aprili 1915 mwindaji aitwaye John Lee, aliyeijua nchi ya maziwa, alifika London na rai ya kupeleka mashua za injini Tanganyika kwa njia ya nchi kavu. Wakuu wa jeshi la majini wakakubali, wakamteua Geoffrey Spicer-Simson awe amiri wa msafara. Mashua zilikuwa mbili, urefu wa kila moja mita 12 hivi, mbao za mkangazi, mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Naye akaziita Mimi na Toutou.

Ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Katanga, na huko Fungurume reli ikakoma. Mbele yao ilikuwa milima ya Mitumba. Mashua zikakokotwa kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa kamba zilizovutwa na mamia ya watu waliokata miti, waliojaza mabonde magogo, waliojenga madaraja kwa makumi, na katika nchi ya kiangazi waliteka maji na kuyabeba vichwani ili mitambo ipate kunywa. Baadaye zikafuata mto Lualaba, kisha reli nyingine fupi, hata Oktoba zikafika Lukuga, jirani na mji uitwao leo Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku chache tu baada ya kuteremshwa majini, zikaizingira Kingani na kuiteka katika muda wa dakika chache, nahodha wake akiwa miongoni mwa waliokufa. Waingereza wakaitengeneza, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaifukuza Hedwig von Wissmann na kuizamisha. Siku iliyofuata Götzen yenyewe ikaonekana, ikipita polepole ikimtafuta mwenzake aliyepotea; na Spicer-Simson, ambaye wenzake walikuwa tayari kutoka, alikataza. Hakuipiga siku ile, wala hakuipiga kamwe.

Ndiyo habari iliyoandikiwa vitabu huko Ulaya. Ndiyo iliyompa C. S. Forester msingi wa riwaya yake ya 1935, The African Queen, na filamu iliyofuata mwaka 1951. Ndani ya habari hizo msomaji ataelezwa kwa urefu juu ya sketi ya kaki aliyoivaa Spicer-Simson na michoro iliyokuwa mwilini mwake. Watu walioivuta kamba ya Mimi kupita Mitumba atawakuta wametajwa kwa idadi tu, kama watajwavyo ng'ombe.

Nani aliyeshinda?

Pande tatu hushindania ushindi wa ziwa hili, na kila upande una hoja.

Waingereza husema mashua mbili ndogo zilizivunja nguvu za Wajerumani majini. Nao wana haki katika vijimeli viwili, kwa kuwa baada ya Februari 1916 Wabelgiji waliweza kusafiri pwani yao kwa amani ambayo hawakuwa nayo tangu vita vianze.

Wabelgiji husema kazi ilikuwa yao. Walipewa na Waingereza ndege nne zirukazo na kutua majini, wakaziweka upande wa Kongo, na Juni na Julai 1916 zikavuka ziwa kuitupia mabomu bandari ya Kigoma. Fauka ya hayo, jeshi la nchi kavu lililokuwa chini ya Jenerali Charles Tombeur, ambalo askari wake walikuwa Wakongo na maofisa wake Wazungu, ndilo lililoingia Rwanda, Burundi na hatimaye Tabora.

Wajerumani husema Götzen haikushindwa majini hata siku moja, na kwamba waliiondoa wao wenyewe, kwa saa waliyoichagua wao. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kung'olewa na kurudishwa bara, ambako ulihitajiwa zaidi, na mahali pake pamewekwa mizinga ya mti ili adui aendelee kuogopa.

Mimi nimezisoma hoja hizo zote, na naona kila moja imetazama ziwa kutoka majini. Tulitazame kutoka Kasulu.

Njia za Buha

Juni 1916 kikosi cha kusini cha Wabelgiji, chini ya kamanda wake Olsen, kiliiteka Usumbura, kikaiteka Kitega, kisha kikaelekea kusini. Kati ya Kitega na reli ya kati ipo nchi moja tu, nayo ni hii: milima ya Buha, nchi za Bami, yaani watawala wa jadi, wa Heru na Muhambwe na jirani zao, mabonde yenye mafunjo, vijito vya baridi, mashamba ya maharage na mtama. Askari walipita hapa wakiwa na njaa ya askari, na nyuma yao wapagazi wakiwa na njaa kubwa zaidi.

Kwa Zimmer aliyekuwa Kigoma hatari ilikuwa dhahiri. Mbele yake maji, ambako bado hakuna chombo kinachoweza kuikabili Götzen; nyuma yake milima, na kutoka milimani watu wanateremka kuelekea kwenye reli. Wakiikata reli mashariki ya Kigoma, mabaharia wake watakuwa mahabusu pamoja na meli yao, bila risasi, bila nafaka, bila njia ya Tabora. Kuwa na manowari kubwa kuliko zote ziwani hakukumfaa kitu mtu ambaye mlango wake wa nyuma umefunguliwa.

> Mbele yake maji, ambako hakuna chombo cha kuikabili Götzen. Nyuma yake milima, na kutoka milimani watu wanateremka.

Basi akaamuru. Mafundi wale wale watatu waliokuja na makasha wakaipaka mitambo grisi nene, kwa kuwa walitumaini kwamba siku moja itahitajiwa tena. Meli ikatiwa shehena ya mchanga, ikapelekwa mbele ya mlango wa Malagarasi, ikazamishwa taratibu ili isivunjike. Tarehe 28 Julai, siku mbili tu baadaye, Wabelgiji walikuwa Kigoma. Tarehe 19 Septemba walikuwa Tabora.

Hivyo chombo kilichoizidi kila manowari ziwani kilishindwa na nyayo. Nadhani hili ndilo funzo la kijeshi kubwa kuliko la Mimi na Toutou, na nashangaa kwamba halifundishwi katika shule zilizo juu ya njia zenyewe. Mwanafunzi wa Kibondo hujifunza kwamba vita vikuu vilipiganwa Ufaransa katika mahandaki; asome pia kwamba mojawapo ya meli mashuhuri za vita hivyo ilihukumiwa katika vilima anavyovipanda kwenda shule.

Waliobeba

Lakini nyayo zilikuwa za nani? Askari mmoja hakwenda bila watu wa kumbebea chakula, risasi na hema. Na chakula cha mpagazi nacho kilihitaji mpagazi. Hesabu ya wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji katika vita vya Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa 260,000, wengi wao kutoka Kongo, na popote jeshi lilipopita wenyeji nao walitwikwa. Upande wa Waingereza, waliokufa kati ya wabebaji wanakisiwa kuwa zaidi ya 95,000, nao aghalabu hawakuuawa na risasi: waliuawa na kuhara, na homa, na baridi ya mapafu, na unga usioiva uliotiwa katika matumbo yaliyozoea chakula kingine.

Dar es Salaam walau imebaki na jina. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la jeshi la wabebaji, na kila siku maelfu hulitaja wakienda kununua nguo na vitunguu. Kigoma na Buha hazina hata jina la soko. Wajerumani walipita, wakataka watu na posho; Wabelgiji wakaja, wakataka watu na posho; na mkulima wa Heru aliyepoteza ng'ombe na mtoto wa kiume katika msimu mmoja hakuwa na cha kumwonyesha mjukuu wake ila pengo katika ukoo.

Nilipoziona zile baiskeli zikipanda mlima baada ya daraja, sikuweza kuzitazama kwa moyo mwepesi. Mzigo ni wa kijana mwenyewe, na faida, kama ipo, ni yake; tofauti hiyo ni kubwa mno. Walakini mgongo umeinama vile vile.

Faranga moja kwa mwaka

Wabelgiji walikaa Kigoma, na Buha ikawa chini yao, hadi Machi 1921, ambapo waliikabidhi nchi hii kwa Waingereza na kubaki na Rwanda na Burundi. Katika mapatano ya mwaka huo walipewa sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo na Burundi zipite bila kuzuiwa. Damu yote ile ikageuka haki ya gati. Mwenye kutaka kujua vita vya majini hupiganiwa nini, atazame faranga hiyo.

Mpaka uliochorwa siku zile kati ya Burundi na Buha, nchi mbili ambazo watu wake husikilizana bila mkalimani, ndio mpaka unaovukwa mpaka leo na wenye kukimbia.

Liemba

Tumaini la wale mafundi watatu halikupotea bure. Wabelgiji waliiopoa meli mwaka 1918, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaikuta mitambo yake, ndani ya grisi ile, ingali yaweza kufanya kazi. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini. Miaka ya sabini injini za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli, na ikaendelea kupeleka abiria, dagaa, mananasi na magunia ya mahindi hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama katikati ya maji mahali pengi pasipo na gati, mitumbwi ikiifuata kama vifaranga.

Uchakavu umepata kuiweka gatini Kigoma kwa muda mrefu, na kila yatajwapo matengenezo hoja mbili huinuka. Wengine, wa hapa na wa Ujerumani, husema chombo cha mwaka 1913 ni dafina, kiwekwe nchi kavu kiwe nyumba ya makumbusho. Wengine husema vijiji vya mwambao wa kusini, ambavyo barabara zake ni mbaya au hazipo, havihitaji makumbusho, vinahitaji meli. Kwa upande wangu niko pamoja na vijiji. Meli iliyokwisha kuzama mara mbili na kuinuka haistahili kusimamishwa juu ya zege ili watu waje kupiga picha, maadamu bado wako wanaoingoja wakiwa na magunia yao. Ila penye gati yake Kigoma pawekwe jiwe la wapagazi, na jiwe la pili liwekwe Kasulu, penye njia.

Mwaka 1997 meli hiyo iliwarudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Na Mei 2015, Warundi kwa maelfu walipokimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikazuka kati yao na hapakuwa na barabara ya kuwatolea, Liemba ikaenda. Meli ilisimama mbali na ufuko kwa kuwa hapana gati, mitumbwi ikawaleta watu ubavuni mwake, watoto wakipokewa kwa mikono, ikawachukua Kigoma, ikarudi kuwachukua wengine, na wengine tena.

Kutoka Kigoma walipandishwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu; na ilipojaa, kuanzia Oktoba mwaka huo, wengi wakapelekwa Nduta, upande wa Kibondo. Mabasi yao yalipita njia hii, kipande kwa kipande ile ile ya milima, magodoro na sufuria juu ya paa, yakashuka bondeni, yakavuka Malagarasi.